Floraidi: Kuandika Namba Kwenye Sera ni Rahisi, Kazi Iko Bombani



Kwa muda sasa nimekuwa nikipokea ujumbe uleule unaozunguka kwenye simu za watu: "Serikali za Magharibi zinaweka sumu ya floraidi kwenye maji, acheni dawa ya meno yenye floraidi." Anayeutuma mara nyingi ni ndugu yetu aliyeko Marekani au hapa Uingereza, na anayeupokea yuko Tabata, Moshi au Usa River. Mimi ni muuguzi, sina mgogoro na mtu kuuliza maswali kuhusu anachokunywa. Anayo haki. Tatizo langu ni kwamba ujumbe huo unapofika nyumbani unamkuta mtu ambaye hali yake ni kinyume kabisa cha hali ya aliyeutuma. Huku tuliko, serikali inatumia fedha kuongeza floraidi kwenye maji. Kule Meru inatakiwa itumie fedha kuitoa. Madini ni yaleyale, sera mbili tofauti, na zote mbili zinakwama mahali pamoja. Hapo wanapokwama ndipo ninapotaka tupatazame.

Tuanze na historia kidogo. Mwaka 1901 daktari wa meno aitwaye Frederick McKay alifika mji wa Colorado Springs, Marekani, akakuta watu wengi waliokulia pale wana meno yenye madoa ya kahawia. Mtu yeyote aliyekulia Arumeru anaijua sura hiyo! McKay alihangaika na fumbo hilo miaka thelathini, akagundua pia kwamba meno hayo yenye madoa yalikuwa hayaozi kirahisi. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill akaonyesha kwamba kinachosababisha ni floraidi iliyomo kwenye maji. Wataalamu wakajiuliza: je, kuna kiasi kidogo kinachoweza kulinda meno bila kuleta madoa? Ndipo Januari 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza duniani kuongeza floraidi kwenye maji ya bomba. Kwa maneno mengine, sera nzima ya kuongeza floraidi ilizaliwa kutokana na watu waliokunywa floraidi nyingi mno. Anayesema floraidi ni dawa tupu na anayesema ni sumu tupu wote wanaruka ukurasa huo. Jibu liko kwenye kiasi.

Sasa basi, tuangalie kiasi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Marekani, tangu 2015, wanaoongeza wanashauriwa kulenga 0.7. Uingereza wanalenga 1. Na kule nyumbani? Mto Maji ya Chai, ambao wengi tunaujua kwa jina la kituo cha basi, umepimwa na kukutwa na zaidi ya 10. Maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yamepimwa hadi mamia. Chanzo ni miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Ndiyo maana tatizo linaonekana Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida, Shinyanga, na kwa majirani zetu Kenya katika eneo la Nakuru.

Hivi tukiwa na hali hiyo, kwa nini tunaazima ugomvi wa mtu anayekunywa 0.7?

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalisemi. Agosti 2024, taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza sumu, NTP, ilitoa ripoti kuhusu floraidi na akili za watoto. Ilisema, kwa uhakika wa wastani, kwamba maji yenye floraidi zaidi ya 1.5 yanahusiana na watoto kuwa na vipimo vya chini vya akili. Kuhusu 0.7 ilisema ushahidi hautoshi kutoa jibu. Ripoti hiyo ikawa silaha ya wanaharakati wa Marekani. Lakini someni namba vizuri jamani: zaidi ya 1.5! Wanaopiga kelele ni wa 0.7, wanaokunywa zaidi ya 1.5 ni ndugu zetu, na hao hawana wa kuwapigia kelele.

Tuje kwenye utekelezaji, maana wengi wetu tunadhani nchi tajiri zikishaamua jambo linakwisha. Halikwishi. Birmingham wanaongeza floraidi tangu 1964, na kwa England nzima watu wanaopata maji ya namna hiyo ni takriban milioni 6, yaani mmoja kati ya kumi. Kwa nini miaka sitini imepita na bado ni mmoja kati ya kumi? Tazameni Southampton. Mwaka 2009 mamlaka ya afya iliamua kuongeza floraidi mjini humo ingawa asilimia 72 ya waliotoa maoni walipinga. Wananchi wakaenda mahakamani, wakashindwa mwaka 2011. Mamlaka ilikuwa imeshinda kila hatua ya kisheria, lakini haikuwa na watu nyuma yake. Halmashauri za eneo hilo zikageuka, na Oktoba 2014 mpango ukafutwa bila hata tone moja kuongezwa. Baada ya hapo sheria ya mwaka 2022 ikaondoa uamuzi kwenye halmashauri na kuupeleka kwa Waziri wa Afya, na Machi 2025 serikali ikatangaza kuwafikishia maji hayo watu wengine milioni 1.6 wa kaskazini mashariki mwa England. Tutaona.

Scotland nako, mwaka 1983 Jaji Jauncey aliamua kwamba mamlaka ya maji haikuwa na uwezo kisheria wa kuongeza floraidi, ingawa hakukubali kwamba ina madhara. Bunge likatunga sheria ya kuruhusu mwaka 1985, lakini hadi leo Scotland hawaongezi. Badala yake wana mpango uitwao Childsmile, ambapo watoto wanapiga mswaki shuleni chini ya usimamizi wa mwalimu. Walikumbuka kwamba lengo lilikuwa meno ya watoto, floraidi ilikuwa njia tu.

Kanada, mji wa Calgary ulisimamisha kuongeza floraidi mwaka 2011, wakati mitambo ilikuwa inahitaji kufanyiwa ukarabati. Watafiti wakalinganisha watoto wa Calgary na wa Edmonton ambako hawakusimamisha, wakakuta meno ya Calgary yanaoza zaidi. Oktoba 2021 wananchi wakapiga kura, asilimia 62 wakataka irudishwe. Unajua ilirudi lini? Mwisho wa Juni 2025. Karibu miaka minne kutoka kura hadi bombani, katika mji tajiri wenye mafuta! Mitambo ilibidi inunuliwe, ijengwe na ijaribiwe. Na Marekani mwaka huohuo wa 2025, majimbo ya Utah na Florida yakapiga marufuku kuongeza floraidi kwenye maji.

Nimeyataja yote haya ili tuone jambo moja. Sera ya floraidi, iwe ya kuongeza au ya kutoa, huandikwa kwa namba moja. Lakini inaishi kwa vitu vingine: nani ana mamlaka ya kuamua, nani analipia mitambo mwaka wa kumi baada ya kukata utepe, nani anapima, na nani anamwambia mwananchi matokeo. Ukikosa kimoja, namba inabaki kwenye karatasi.

Haya, turudi nyumbani. Tanzania mwaka 1974 iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita. Nane! Kabla hamjaikasirikia serikali ya wakati ule, fikirini walichokuwa nacho mezani: vijiji vingi havikuwa na maji mengine ya kunywa, na kufunga chanzo kungewarudisha watu kwenye madimbwi. Kiwango cha "muda" kikaishi miaka mingi. Baadaye kikashushwa hadi 4, na katika viwango vya TBS vya mwaka 2018 tukafika 1.5 kama WHO. Ni hatua nzuri na naipongeza. Lakini kisima kilichokuwa na 3.5 siku moja kabla kilikuwa halali, na siku iliyofuata kikawa nje ya kiwango, na maji ni yaleyale, ndoo ileile, mama yuleyule. Je, kuna aliyekwenda kumwambia?

Si kwamba hatuna wataalamu. Pale Ngurdoto, Arumeru, Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi ambacho kimefanya kazi miaka mingi na mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa, inasagwa, na maji yakipita humo floraidi inabaki kwenye mkaa. Wenzetu wa Jimbo Katoliki la Nakuru wametumia teknolojia hiyohiyo tangu miaka ya 1990. Njia ya Wahindi ya kutumia shabu na chokaa, iitwayo Nalgonda, nayo ilijaribiwa kwetu. Na Dk. Askwar Hilonga wa Chuo cha Nelson Mandela, Arusha, mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya chuo cha wahandisi cha Uingereza kwa chujio lake. Kwa hiyo akili ipo, tena ya nyumbani.

Kinachokwamisha ni kile cha siku kwa siku. Mkaa wa mifupa hujaa. Baada ya muda unaacha kushika floraidi, na lazima ubadilishwe au usafishwe upya. Sasa floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa viwango hivyo haina ladha. Chujio likichoka, maji yanayotoka yanaonekana safi kama ya jana. Familia inaendelea kunywa kwa imani. Bila kipimo hakuna anayejua, na bila fungu la kununulia mkaa mpya, hata akijua hana la kufanya. Mfadhili analeta chujio, anapiga picha, anaondoka. Ni sawa na kumnunulia mtu gari bila kufikiria mafuta. Ongeza hapo suala la imani: kuna Waislamu na wengineo wanaotaka kujua mifupa hiyo ni ya mnyama gani kabla ya kunywa maji yaliyopita humo, na wana haki ya kujibiwa kwa heshima badala ya kuambiwa hawajasoma.

Halafu kuna mambo ambayo sisi wa afya tunapaswa kuyasema wazi. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kunaua vijidudu, na hilo ni muhimu mno, lakini maji yanapopungua sufuriani floraidi inabaki palepale, kwa hiyo yaliyobaki yanakuwa makali zaidi. Magadi tunayotia kwenye maharage na makande nayo hubeba floraidi. Meno ya kudumu hujijenga ndani ya ufizi tangu utotoni hadi karibu miaka minane, na huo ndio umri wa hatari. Yakishaota na madoa, hakuna mswaki utakaoyarudisha. Floraidi nyingi zaidi kwa miaka mingi hufika mpaka kwenye mifupa, ndiyo maana kuna vijiji ambako watoto wana miguu iliyopinda na watu wazima hawawezi kuinama. Habari njema ni kwamba maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye floraidi nyingi. Mtoto anayenyonya miezi sita bila kupewa maji yuko salama. Hatari inaanza na uji.

Njia yenye matokeo ya uhakika zaidi ni kupata chanzo kingine cha maji, au kuchanganya maji yenye floraidi nyingi na yenye kidogo. Hilo ndilo lililofanyika katika mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha, wa shilingi bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Visima vipya vilitafutwa mbali, hadi upande wa Hai, ambako floraidi ni ndogo. Ni kazi kubwa na inastahili sifa. Lakini kijiji chenye kisima kimoja na kamati ya watumia maji ya watu saba hakitapata bilioni 520. Kijiji hicho ndicho kinachonisumbua.

Na kijiji hicho ndipo sisi wa ughaibuni tunapoingia. Tunapenda sana visima. Harambee za visima tunazifanya London, Muscat, Minnesota. Tunakusanya, tunatuma, kisima kinachimbwa, jiwe la msingi linaandikwa majina. Swali langu: ni harambee ngapi zilizouliza kipimo cha floraidi kabla ya kulipia pampu na tangi? Watu wanadhani kuchimba kirefu ndiyo usalama. Kwa vijidudu ni kweli mara nyingi. Kwa floraidi inaweza kuwa kinyume, maana maji yaliyokaa muda mrefu ndani ya mwamba wa volkano huwa yameshiba zaidi. Visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana kabisa. Kipimo ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kuchimba, na Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani. Kutoa kisima bila kipimo katika ukanda ule ni kutoa zawadi usiyojua ndani kuna nini, tena kwa mtoto wa miaka mitatu!

Najua hoja ya upande wa pili, nimeisikia na ina uzito. Wanasema: ukibandika namba bombani utaleta taharuki, watu watakimbia maji ya bomba na kurudi mtoni, na kipindupindu kinaua kwa siku mbili wakati floraidi haiui. Ni kweli kabisa kwamba mtu asikimbie maji ya bomba aende kwenye dimbwi. Lakini tangu lini dawa ya taharuki ikawa ni kunyamaza? Hapa England ninaandika postikodi yangu kwenye tovuti ya kampuni ya maji na kuona floraidi ya mtaa wangu. Watu hawakukimbia. Waliokasirika wa Southampton walikasirika kwa sababu waliona wanaamuliwa. Mama wa Meru akiambiwa, "Maji haya ni salama kwa kuoga, kufua na mifugo, lakini uji wa mtoto na maji yake ya kunywa yachote kwenye bomba lile pale," ataelewa. Si mtoto huyo mama. Anayafanya maamuzi magumu kuliko hayo kila siku.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo:

1. Kila chanzo cha maji ya umma katika mikoa yenye floraidi kipimwe, na namba iandikwe bombani kwa rangi na kwa Kiswahili cha kawaida: kijani hadi 1.5, njano juu ya hapo hadi 4, nyekundu zaidi ya 4. RUWASA, ambayo tangu 2019 ndiyo inasimamia maji vijijini, ibebe jukumu hili, na mwenyekiti wa kijiji apewe nakala.

2. Tuache kufikiri kwamba lazima tusafishe kila tone. Mtu anahitaji lita chache tu kwa siku kwa kunywa na kupika. Chujio dogo, au tangi la maji ya mvua ambayo karibu hayana floraidi kabisa, likilindwa kwa ajili ya watoto wa chini ya miaka minane, shule za awali na kliniki za mama na mtoto, tutaokoa kizazi kizima kabla bomba kubwa halijafika.

3. Chujio lolote lisipokelewe kijijini bila fungu la kubadilisha mkaa na bila mtu mwenye jina na malipo anayepima. Hii iwahusu serikali, makanisa, misikiti na sisi wenye harambee.

4. Ushauri wa dawa ya meno uendane na maji. Dar es Salaam na Zanzibar ni mbali na miamba ile ya volkano, na watoto wanakula pipi na soda kama wa Birmingham. Kuwaambia waache dawa yenye floraidi kwa sababu ya ujumbe kutoka Florida ni kuwaozesha meno. Kwenye maji yenye floraidi nyingi, muuguzi wa kliniki awe na jibu lingine kwa mtoto mdogo anayemeza povu. Hawezi kuwa nalo kama hajui namba ya maji ya kijiji chake.

Wabunge wa mikoa hii, ndugu zetu mnaotusoma, hamhitaji kusafiri kwenda kujifunza popote. Simameni Bungeni muulize swali moja fupi: katika jimbo langu kuna vyanzo vingapi vya maji, na kila kimoja kina floraidi kiasi gani leo? Majibu yakija, yabandikeni. Yasipokuja, mtakuwa mmejua tatizo liko wapi.

Na sisi wa huku, kabla ya kusambaza ujumbe mwingine kuhusu sumu ya wazungu, mpigie simu shangazi yako umuulize anachota maji wapi, na kama kuna aliyewahi kuyapima.

Naomba kuwasilisha.